Eksteno, SSD, kanda au wingu: video za harusi za miaka kumi uziweke wapi?

Simu iliingia asubuhi moja ya Machi 2024, nikiwa bado sijafungua studio yangu hapa Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile harusi ya binti yangu uliyoipiga mwaka 2019, hapa Chumbageni, unaikumbuka? Mama yangu ametangulia mbele ya haki wiki iliyopita. Siku ya singo, tulipokuwa tunampamba bibi harusi, alimpaka mjukuu wake hina mwenyewe, kwa mkono wake. Naomba unitolee pale tu."

Nikampa pole, nikamwambia anipe nusu saa. Eksteno ya mwaka ule, yaani hadidiski ya nje, ilikuwa kabatini, kwenye boksi lake, imebandikwa karatasi yenye mwandiko wangu. Nikaichomeka. Taa ikawaka, kisha nikasikia tk, tk, tk. Ikanyamaza, ikaanza tena: tk, tk, tk. Kompyuta haikuiona kabisa. Fundi niliyempelekea aliisikiliza kwa sekunde chache tu, akasema vichwa vya kusomea vimekwisha na yeye haifungui, kwa sababu vumbi la mezani kwake lingemaliza hata kilichobaki. Yule mama akaishia kupata kipande cha dakika tatu nilichowahi kumtumia kwa WhatsApp, kimebanwa mpaka vidole vya bibi na hina havitofautiani.

Tangu siku hiyo nimepiga hesabu ya kila njia ya kuhifadhi iliyo ndani ya uwezo wa studio ndogo, na nyingine nilizozisikia kwa watu wenye studio kubwa. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya dada zangu na kaka zangu wa kamera, ila mwenye rekodi za utafiti, mawaidha ya msikitini, kwaya au ramani za drone atajiona humu pia. Mafaili makubwa tabia zao ni moja.

Kwanza ujue mzigo wako ni kiasi gani. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Ukiwa na kamera mbili kwa saa sita, harusi moja tu imeshafika GB 540, na hapo hujaweka sauti wala droni. Mimi baada ya kufuta vipande vibovu nabaki na TB 12 za kutunza (TB moja ni GB 1,000). Hesabu zote zinazofuata nimezipigia kwenye TB 12 hizo. Wewe weka namba yako.

Njia mbili ninazoziondoa mapema

SSD, yaani diski ya chipu, ni nzuri ya kuedita. Ni nyepesi, haina kitu kinachozunguka, na ikidondoka haina neno. Kwa kulaza data kabatini miaka mingi, hapana. SSD inashika data kwa chaji ya umeme ndani ya vijumba vidogo, na chaji hiyo huvuja taratibu chombo kikikaa bila kuchomekwa. Kiwango cha JEDEC, ambacho viwanda vyenyewe vinakifuata, kinaitaka SSD ya mtu wa kawaida iliyofikia mwisho wa maisha yake ya kuandikiwa ishike data mwaka mmoja tu bila umeme, kwenye joto la nyuzi 30. SSD mpya inashika zaidi ya hapo, lakini kadiri joto linavyopanda ndivyo muda unavyopungua, na kabati la Tanga mwezi wa pili mnalijua wenyewe. Isitoshe, bei ya SSD kwa kila TB ni mara kadhaa ya hadidiski.

Diski za kuchoma, zile Blu-ray na hasa M-DISC, zina sifa kubwa ya kudumu. Tabaka lake la kuandikia halitokani na rangi ya kikemikali inayopauka, na watengenezaji wanataja hadi miaka 1,000. Tatizo ni ukubwa. M-DISC iliyo kubwa kabisa inabeba GB 100, hivyo TB 12 ni diski 120 za kuchoma moja moja. Na soko lenyewe linasinyaa: Sony iliacha kutengeneza Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Mtu mwenye GB 200 za picha za familia na karatasi za kiwanja, M-DISC mbili tatu zinamfaa sana. Mwenye studio hazimfai.

Hadidiski za nje: rahisi, na zinakufa

Hii ndiyo iliyoniumiza, na bado ndiyo ninayoiweka mbele. Nina sababu.

Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayoendesha mamia ya maelfu ya hadidiski, hutangaza takwimu za vifo vyake kila mwaka. Kiwango kimekuwa kikicheza karibu na asilimia 1.4. Kwa lugha ya kabatini, ukiwa na diski 100 zinazofanya kazi, moja au mbili hazimalizi mwaka. Inaonekana ndogo mpaka umiliki moja tu na ndiyo hiyo iliyochaguliwa. Tena diski zao zinakaa kwenye chumba cha baridi na umeme uliotulia. Zetu zinabebwa kwenye bodaboda, zinachomekwa kwenye tawi la umeme lenye vichwa vitano, na zinapigwa na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika.

Kosa langu la 2019 halikuwa kununua eksteno. Nilikuwa na moja tu, nikaiita bakapu, kumbe ndiyo iliyokuwa nakala pekee: nilishafuta kwenye kompyuta ili kupata nafasi. Faili likiwa mahali pamoja tu, mahali hapo si bakapu, hata pawe pa gharama namna gani.

Diski mbili zinazobeba kitu kile kile, zikakaa nyumba mbili tofauti, hesabu inabadilika kabisa. Uwezekano wa zote kufa mwezi mmoja ni mdogo sana, mradi usinunue pacha. Nunua kampuni mbili, au angalau maduka mawili na miezi tofauti, maana zilizotoka kiwandani pamoja zinaweza kuwa na ugonjwa mmoja.

Mambo machache niliyojifunza kwa mikono yangu. Eksteno ndogo zinazotumia umeme wa USB zinaishia TB 5 au 6, na nyingi huandika kwa mistari inayopandiana kama vigae vya paa. Mtindo huo ni mzito ukiwa unafuta na kuandika kila siku, ila kwa kuandika mara moja na kulaza hauna shida. Zile kubwa zenye adapta yake zinapita TB 20, na kwa TB moja moja ndizo rahisi zaidi. Kwa kasi ya MB 120 kwa sekunde, TB 12 zinaandikwa kwa saa 28: unaanza Jumamosi asubuhi, Jumapili mchana umemaliza. Diski iliyoformatiwa exFAT (mtindo mmojawapo wa kupanga mafaili kwenye diski) usiichomoe kabla hujaitoa kwa utaratibu kwenye kompyuta, kwa sababu exFAT haina daftari la kurekebisha kilichokatikia njiani. Na usiiache imechomekwa mwezi mzima. Kirusi kinachofunga mafaili na kudai fedha kikiingia kwenye kompyuta, hufunga pia kila diski kinachoikuta hapo.

Unyevu wa pwani nao ni adui. Vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu mimi sivitupi, naviweka ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na diski. Kila miezi sita naiwasha na kuisoma. Ikifika mwaka wa tano nahamishia kwenye mpya, hata kama haijalalamika.

Kanda za LTO: bora kwa mwenye mzigo mkubwa

Watu wakisikia kanda wanafikiria kaseti za taarabu. Kanda za data hazijafa hata kidogo. Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, nakala zilizokuwa kwenye diski za vituo vyao nazo ziliguswa. Google walizirudisha barua kutoka kwenye kanda, kwa kuwa zenyewe zilikuwa nje ya mfumo.

LTO ni aina ya kanda hizo, na namba inayofuata ni kizazi chake. Kanda moja ya LTO-8 inabeba TB 12 kabla ya kubanwa, maana yake maisha yangu yote ya kazi yanaingia kwenye kitu kinachotoshea kiganjani. LTO-9, iliyotoka 2021, inabeba TB 18. Kasi yake ni kubwa kuliko ya eksteno: MB 360 kwa sekunde kwa LTO-8, kazi ya saa tisa na kidogo. Kanda yenyewe kwa kila TB ni rahisi, inashuka chini ya dola 10. Watengenezaji wanaihesabia miaka 30 ikitunzwa vizuri, na tangu LTO-5 ya mwaka 2010 kuna mpangilio unaoitwa LTFS unaokufanya uione kanda kama folda za kawaida.

Sasa kikwazo. Mashine ya kuisoma inauzwa maelfu ya dola, na haichomekwi kwenye laptopu kama flashi. Kuna kingine ambacho wauzaji hawakisemi mpaka uulize: vizazi havisomani milele. Mashine ya LTO-7 ilisoma vizazi viwili vya nyuma yake. LTO-8 na LTO-9 zikabaki kusoma kizazi kimoja tu cha nyuma. LTO-10 iliyokuja 2025 haisomi kanda za zamani kabisa. Kwa hiyo ile miaka 30 ni ya utepe tu. Mashine yako ikiharibika mwaka wa 12, utaanza kutafuta ya zamani iliyo nzima, na Tanga hutaipata dukani. Juu ya hayo, kanda inataka kukaa kwenye baridi ya nyuzi 16 hadi 25 na hewa kavu, unyevu usiozidi asilimia 50 hivi. Sisi huku nguo zinashika ukungu ndani ya sanduku.

Mtu wa TB 12 asinunue mashine ya LTO. Kuanzia TB 100 kwenda juu, kwa mfano kituo cha televisheni, idara ya chuo kikuu au maktaba ya sauti, ndipo kanda inapoanza kuzishinda diski kwa bei. Ningependa sana kuona studio tano au sita za mji mmoja zinachangia mashine moja kama tunavyochangiana kreni na taa. Kanda ya kila mtu ni yake, mashine ni ya wote.

Wingu: nakala iliyo mbali kuliko zote

Sifa ya wingu, yaani kuhifadhi kwa mtandao kwenye kompyuta za kampuni nyingine, ni kwamba moto, mwizi na mafuriko ya Tanga havifiki huko. Lakini nalo ni kompyuta zilizowekwa kwenye jengo la mtu. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na wateja ambao nakala zao zote zilikuwa hapo walipoteza kila kitu.

Kuna mambo matatu ya kupima: kupandisha, kulipia na kurudisha.

Kupandisha ndiko kunakotukwamisha. Faiba yangu siku ikiwa nzuri inapakia megabiti 20 kwa sekunde. TB moja ni megabiti milioni 8, ambazo ukizigawa kwa 20 ni sekunde 400,000, yaani siku nne na nusu na ushei bila kupumzika. TB 12 ni siku 55. Kwa bando la simu usijaribu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Kama kwa bahati mbaya ndiyo wiki unayohitaji faili lako, utasubiri.

Kwenye malipo, ninalinganisha mbili ninazozielewa. Backblaze B2 ilikuwa dola 6 kwa TB kwa mwezi nilipopiga hesabu, na unaweza kupakua bila malipo hadi mara tatu ya ulichohifadhi. Kwa bei hiyo TB 12 ni dola 72 kwa mwezi, kwa miaka mitano 4,320. Ya pili ni Glacier Deep Archive ya Amazon, karibu dola 1 tu kwa TB kwa mwezi kwenye vituo vyake vya Marekani. Kwa miaka mitano TB 12 zinakula kama dola 715. Tofauti inatisha, mpaka uangalie mlango wa kutokea: ukiomba faili unasubiri kwa muda unaoweza kufika saa 12 kwa njia ya kawaida, au hadi 48 kwa njia ya bei nafuu, na kulitoa nje kunagharimu karibu dola 90 kwa kila TB. Ukifuta kabla ya siku 180 unalipia siku zote 180.

Nilipiga hesabu mara mbili kwa sababu sikuamini. Miaka mitano ya Deep Archive pamoja na kurudisha TB 12 zote mara moja ni kama dola 1,800, bado chini ya nusu ya ile ya kwanza. Kwa nakala ambayo unaomba Mungu usije ukaihitaji, Deep Archive inashinda wazi. Mwenye wateja wanaorudi kila mwezi kudai mafaili ya zamani, B2 itampunguzia presha.

Ninachokihofia kwenye wingu kuliko moto ni kadi ya benki. Kadi inaisha muda, barua pepe za onyo zinaingia kwenye anwani usiyoifungua, akaunti inafungwa, data inafutwa. Diski iliyo kabatini haikudai kitu ukiugua miezi minne. Hizi huduma za bure nazo usizijengee nyumba. Google Photos ilikuwa ikipokea picha bila kikomo na bila malipo, mpaka 1 Juni 2021 ilipoanza kuhesabu nafasi. MySpace ilikiri mwaka 2019 kuwa imepoteza muziki wa watu uliopakiwa kwa zaidi ya miaka kumi. Na folda inayojioanisha yenyewe kati ya kompyuta na mtandao si bakapu: ukifuta huku, na kule kunafutika.

Halafu kuna jambo la heshima, na hapa nasema kama mwanamke ninayeingia singo na kamera. Akina mama wananiruhusu kuwapiga picha wakiwa vichwa wazi, wanacheza, wanacheka, kwa sababu wanaamini hakuna mwanamume atakayeona. Siwezi kupandisha picha hizo kwenye kompyuta za watu nisiowajua zikiwa wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inagusa kutuma taarifa za watu nje ya nchi. Kwa hiyo kila kinachoenda mawinguni nakifunga kwa msimbo kabla hakijaondoka kwenye kompyuta yangu, kwa programu ya bure ya rclone. Diski zangu pia nimezifunga. Bei ya ulinzi huo ni kwamba ukipoteza neno la siri hakuna wa kukufungulia, si Amazon wala fundi.

Nilivyochagua mimi

Wapiga picha wengi wanaijua kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mwenzetu Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikae mbali. Nimeifuata kwa kipimo cha mfuko wangu.

Nakala ya kwanza ni diski kubwa hapa studio. Ya pili ni diski ya kampuni nyingine, inakaa kwa dada yangu Arusha kwenye hewa kavu na baridi kuliko hapa. Naibeba mwenyewe kwenye basi, mapajani, imefungwa ndani ya taulo. Siitumi kama kifurushi. Mawinguni, Deep Archive, nimepeleka TB 2 tu: video zilizokwisha kueditiwa, na vipande ghafi vya wazee. Ndiyo, nimeamua hivyo. Ngoma ya ukumbini ikipotea inauma, lakini bibi akimpaka mjukuu hina hakuna wa kuirudia. TB 2 hizo zilichukua siku tisa na zaidi kupanda, usiku na mchana, na zinanigharimu dola mbili kwa mwezi.

Ungekuwa na chini ya TB 1, ningekushauri eksteno mbili na B2, wala usiumize kichwa. Ukiwa na TB 30 au 40, diski za adapta jozi kwa jozi, wingu kwa vile vya thamani tu. Ukipita 100, tafuta wenzako wa kuchangia mashine ya kanda.

Chochote utakachochagua, kipime kwa kurudisha. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza TB 77 za utafiti kwenye kompyuta yake kuu. Programu ya bakapu yenyewe ndiyo iliyofuta mafaili. Mimi kabla ya kunakili natengeneza alama ya uhakiki ya kila faili. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri na kuandika certutil -hashfile harusi.mp4 SHA256, unapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Ukinakili, uirudie kwenye nakala. Mstari ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili hilo si lile, hata kama linafunguka na kucheza. Mistari hiyo naiweka kwenye faili dogo la maandishi ndani ya kila diski, na Januari na Julai nailinganisha upya.

Neno la siri nimeliandika kwa mkono kwenye karatasi mbili, na chini yake maelezo ya jinsi ya kufungua, hatua kwa hatua, kwa mtu asiyejua kompyuta. Moja iko kwenye bahasha kwa dada yangu, ila haikai boksi moja na diski. Nyingine iko na mume wangu, pamoja na hati ya nyumba.